Redio Ilisema Tunalipa Kidogo

Siku ya tano, Ijumaa, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja. Asubuhi mawingu yalikaa juu ya milima ya upande wa Fizi, na hapa Baraka upepo wa ziwa ulirusha mchanga mpaka ndani ya nyumba. Mvua ilikuwa bado. Naliandika hilo kwanza, ili kesho nisijidanganye kwamba sikuiona ikija. Niliiona.

Nilikuwa na mifuko miwili ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, za kupeleka soko la Fizi, zimekaushwa vizuri, zinalia ukizishika. Ndagala kavu ikishika maji imekwisha: inanuka, inaingia wadudu, hakuna mama atakayeinunua. Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya mifuko hiyo. Ikiharibika, narudi kulima mashamba ya watu, kama wakati ule tuliporudi kutoka ukimbizini. Kwa hiyo nilimwambia motari afunge mifuko nyuma ya pikipiki, tupande mbio kabla mbingu haijafunguka.

Katikati ya njia tukakuta kamba imefungwa kukatiza barabara. Baba mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameikalia upande mmoja.

"Mama, kartasi."

Nikampa kartasi ya soko, yenye muhuri. Nilikuwa nimeilipia Baraka.

"Hii ni ya soko. Ya barabara iko wapi?"

"Barabara gani, papa? Hii yenye tunaogeleaka ndani mvua ikinyesha?"

Motari akacheka. Yule baba hakucheka. "Utalipa ya barabara, na kidogo ya kamba."

"Kamba nayo inalipwaka?"

"Nani anaifungaka? Nani anaifunguaka? Njo mimi."

Nikamwambia, ya barabara nitalipa ukinipa kartasi. Ya kamba, hapana. Akasema kartasi zimeisha tangu jana. Basi, tukakaa.

Tulimkuta pale mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anarudi kwake Fizi na mabati mawili ya kuzibia nyumba. Yeye pia alikuwa amekataa ya kamba. Redio ya yule baba ilikuwa inaning'inia kwenye mti, chini ya shitingi ya plastiki ya kukinga mvua, na ndani yake mtaalamu wa uchumi alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kula. Alisema Serikali yetu inakusanya sehemu ndogo sana ya mali inayozalishwa na inchi, ukilinganisha na inchi nyingine nyingi. Alisema raia wajifunze kulipa.

Yule baba akajipiga paja. "Munasikia? Mutu wa masomo anasema munalipa kidogo! Mama ya ndagala, uongo yako imeisha leo!"

Hasira ilinipanda. Lakini niandike na hili: kwa muda kidogo nilimwamini mtu wa redio. Nilisoma mpaka mwaka wa nne tu, na hesabu ninayoijua ni ya ziwa. Kipe, yaani mitumbwi na watu wanaovua pamoja na taa, ikifika mchangani, samaki wanagawanywa: fungu la mwenye vyombo, na fungu la wavuvi. Hakuna mahali pa tatu. Mwenye vyombo akichukua kidogo, kilichobaki ni cha wavuvi. Kwa hiyo niliposikia Serikali inapata sehemu ndogo, nilisikia kwamba kikubwa kimebaki kwetu. Nikaanza kukitafuta kichwani.

Nikamuuliza mwalimu: "Na ile kubwa yenye ilibakia, tuliiweka wapi?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Hapana kugawa hivyo, mama. Banahesabu vyote vyenye inchi inazalisha kwa mwaka muzima. Ndagala yako, muhogo, shaba ya kule Katanga, dhahabu. Kisha banaangalia ni kipande gani kimefika ku kasha ya Serikali. Kimefika. Habaulize ni kiasi gani kimetoka ku mufuko yako."

"Na ya kamba?"

"Ya kamba haifikake."

"Basi naweza kulipa mpaka nibakie na kitenge tu, na redio iseme silipake?"

"Inaweza."

"Na hiyo hesabu inasema ni nani alilipa?"

"Hapana. Inchi mbili zinaweza kuwa na kipande sawasawa. Moja imekitoa kwa benye migodi, ingine imekitoa ku mabeseni ya bamama. Utasikia hesabu moja tu."

Hapo nilisimama. Kwetu ziwani pia kuna samaki ambao hawaingii kwenye hesabu, tunaita mboga: kila mvuvi anachukua wake wa kupikia nyumbani kabla ya kugawanya. Lakini mboga inachukuliwa mchangani, mwenye vyombo anaona, na kipimo chake kila mtu anakijua. Nilimgeukia mtu wa kamba. Nilikuwa napiga kelele sasa. Nikamwambia: wewe unatukuta majini, unachota kabla hatujafika, halafu mwenye vyombo anaambiwa wavuvi wake ni wavivu!

Nilidhani atanitukana. Akasema kwa sauti ya chini: "Mama, na mimi niko mu ile mutumbwi. Mushahara banasemaka itakuja. Benye kunituma hapa banangojea fungu yao kila magaribi. Nikienda mikono mitupu, kesho banaweka mwingine."

Naandika maneno yake kwa sababu aliyasema, na sidhani alidanganya. Viatu vyake vilikuwa vimefunguka mbele. Na mwalimu aliongeza jambo ambalo halikunipendeza: kwamba hata mali yote ya inchi wanaikadiria tu, maana muhogo tunaokula nyumbani na dhahabu inayovuka ziwa hakuna anayeziandika sawasawa. Kwa hiyo mimi pia niko kati ya vitu wasivyoviona. Labda yule mtaalamu alikuwa anaelekea kusema kwamba wakubwa ndio hawalipi. Sijui. Sikusikia mwisho wake, mvua ilianza.

Ilianza kama mtu anayemwaga beseni. Yule baba mwenyewe alirukia shitingi yake akaitupa juu ya mifuko yangu, redio yake ikabaki inalowa. Shitingi ilikuwa na tundu. Akafungua kamba, akapiga kelele, "Mwende! Mwende!" wala hakuomba kitu. Kwenda wapi? Mlima ulikuwa umekuwa mto. Mwalimu akaweka mabati kichwani, akaendelea kwa miguu. Motari na mimi tukageuza, tukateleza hadi Baraka.

Mfuko mmoja ulipona. Wa pili ulikunywa maji mpaka chini.

Nyumbani bwana wangu aliutazama, akasema: "Si ungetoa tu ile ya kamba? Ungekuwa Fizi saa hii."

Ni kweli. Hesabu yake ni sawa, na ndiyo iliyonikasirisha kuliko yule baba, kuliko redio. Ningetoa, ndagala zangu zingepona, fedha isingefika popote, na siku nyingine mtaalamu angesema tena kwamba mama wa Baraka hajajifunza kulipa. Nikaanza kuchambua ndagala. Zilizolowa kidogo nilizitandaza karibu na moto, sijui kama zitakauka bila kunuka. Jirani mmoja, mama wa Kirundi anayelima nyuma yetu, nikampa beseni moja. Nyingine hazikuweza kungoja asubuhi, nikazipika zote.

Jioni tulikula bugali ya muhogo na ndagala za mawese na pilipili, sufuria imejaa mpaka mfuniko unakataa kukaa. Watoto walifurahi, wakauliza kama kesho zitakuwepo tena.