Kitabu cha Mwalimu wa Kilatini

Mwalimu wa Kilatini pale Viterbo, Italia, hufuta miwani kwa tai, hugonga meza kwa pete, na darasa zima huimba "hodari" katika wingi wa Kilatini: fortes, fortium, fortibus. Kisha hufungua kitabu kurasa za mwanzo bila kutazama. Namba ya ukurasa ndiyo namba ya mwanafunzi atakayeulizwa.

Leo Ornella, namba kumi na nne, hajasoma hata mstari; siku tatu anamuuguza bibi yake. Kutoka dawati la mbele akauona ukurasa: kumi na nne. Mwalimu akayatazama macho ya Ornella, mekundu kwa kukesha, akafunga kitabu.

"Thelathini na mbili!"

"Mwalimu, mbona tuko ishirini na tano tu!" Corrado akapayuka.

"Mtoro huyo! Basi imbeni wote."

Pete ikagonga. Ornella aliimba akawazidi wote.