Trekta Jekundu

Tangu nilipoanguka na pikipiki kwenye barabara ya Mwazye, goti langu la kushoto halikunjiki vizuri. Natembea, napalilia nikipumzikapumzika, lakini kukanyaga klachi kutwa nzima siwezi. Kwa hiyo tulipoamua kununua trekta, mimi na mke wangu, hatukuwa na haja ya kujadili nani ataendesha. Yeye ndiye aliyekwenda kujifunza kwenye shamba la masista, akawa anarudi jioni ananuka dizeli, ananieleza kwa furaha namna ya kugeuza mwishoni mwa shamba plau ikiwa imeinuliwa. Nilimsifu. Lakini hapa Pito watu walikuwa wameanza kuniuliza, kwa utani tu, kama mimi nitakuwa abiria wa mama. Nilicheka nao. Utani ule ulinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Sumbawanga mjini tulikuta matrekta mawili yaliyotumika, bei zake zikikaribiana. Moja lilikuwa fupi, la bluu iliyopauka, boneti limebonyea upande mmoja. Lilivuta kwa matairi yote manne, na spea zake zilipatikana pale pale mjini. Mke wangu alipanda, akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akageuka kuangalia nyuma mahali plau itakapofungwa. Aliposhuka aliniambia kwa sauti ya chini, "Hili linanifaa."

La pili lilikuwa jekundu. Matairi yake ya nyuma yalinifika kidevuni, na bomba la moshi lilisimama wima mbele ya dereva. Muuzaji alipoliwasha nikaona Jumapili, watu wanatoka kanisani, wanalipita limeegeshwa mbele ya nyumba yangu. Nikajiambia kwamba dereva awe yeyote, hakuna atakayenicheka kwa trekta kama hili.

Mke wangu alilipanda na hilo pia. Ili kufikia klachi ilimbidi asogee hadi ukingoni mwa kiti na kushikilia usukani asiteleze.

"Mguu haufiki vizuri," alisema.

Nilimjibu kwamba kiti kitasogezwa. Kisha nikaongea sana. Niliongea habari za nguvu ya injini, za uzito, za udongo wetu unavyokuwa mgumu kabla mvua hazijakolea. Nilimuuliza muuzaji maswali ambayo nilijua majibu yake yatanipendelea. Hakuna nililosema lililokuwa uongo, ila yote niliyatafuta baada ya moyo kuwa umeshachagua. Mke wangu alinitazama, akatazama tena lile la bluu, akasema kama nimeona hivyo, basi sawa.

Kiti hakikusogea. Fundi alituonyesha kwamba mwenye trekta wa kwanza alikichomelea pale pale kilipo, na kukihamisha kungedhoofisha chuma cha chini. Nikachonga kipande cha gogo, nikakifunga kwa waya juu ya pedali ya klachi. Mke wangu akalima hivyo, amekaa nusu kiti, mashamba yetu ya mahindi na ulezi na ya watu waliotukodi. Watu walinipongeza kwa trekta, nami nikapokea pongezi. Jioni alilala kifudifudi nikimkanda mgongo kwa maji ya moto, tukaongea habari za watoto na za mvua. Habari za kiti hatukuzigusa.

Siku moja alikuwa analima kipande chetu cha mteremkoni, kinachopakana na jirani yetu, mzee mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukuma. Mimi nilikuwa kando nang'oa visiki. Alipotaka kubadilisha gia, gogo likazunguka kwenye waya, mguu ukateleza. Trekta likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma. Alilikaba kwa breki, lakini plau ilikuwa imeshaingia kwenye ua wa zizi na kuangusha nguzo. Ng'ombe walikuwa machungani. Hakuna aliyeumia.

Nilipofika nikichechemea, mzee alikuwa ameshafika, na majirani wengine wanakuja. Mke wangu alishuka, akamwamkia shikamoo. Mzee aliitikia, akainama kutazama pedali.

"Mama, mbona mmefunga gogo hapa?"

"Trekta ni kubwa kwangu, baba," alisema. "Nililichagua mwenyewe. Sikupima vizuri."

Watu wote walisikia. Baadhi walinigeukia, wakingoja labda niseme neno, nami nikainama kufungua waya kana kwamba waya ule ndio uliokuwa na haraka. Masikio yaliniwaka. Ningeweza kusema kwa maneno mawili kwamba ni mimi. Sikusema. Tulirudi nyumbani naye akiendesha polepole, mimi nikimfuata kwa miguu, na katika njia yote ile sikumuuliza kama ameumia.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee kusimamisha nguzo zake. Tukiwa tunashindilia udongo nilimwambia kwamba mke wangu hakuchagua, nilichagua mimi, naye aliniambia pale pale kwamba mguu haufiki. Mzee hakuacha kushindilia.

"Mimi nilijua," alisema. "Kamwambie yeye."

Nilimwambia siku hiyo hiyo, jikoni, akichambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hakuchukia trekta. Alichukia kwamba alipanda mbele ya macho yangu, mguu haukufika, nami nikaona.

Tuliliuza lile jekundu. Lile la bluu lilikuwa limeshanunuliwa, liko Mtowisa linalima mpunga. Tulingoja hadi tukapata jingine, fupi, lenye rangi mbilimbili kama limeshonwa viraka. Safari hii nilisimama getini kwa muuzaji, yeye akilipanda na kulijaribu mwenyewe, hadi aliponiita. Analima nalo vizuri, na mgongo haumuumi tena.

Juzi dukani mtu aliniuliza kwa nini nilibadilisha trekta kubwa kwa kile kidude. Nikamjibu kwamba halikumfaa dereva.

"Dereva yupi?"

"Mke wangu."

Nilisema, na uso ukapata moto. Nikalipa, nikatoka nje, na hadi sasa nasikia aibu. Na zaidi ya hapo, aibu ya kuona kwamba neno jepesi kama lile bado linanipa shida kulitamka.