Mshenga wa Lenke

Lenke, mtoto wa marehemu dada yangu, alizaliwa na hofu kama wengine wanavyozaliwa na nywele. Aliogopa bata mzinga, radi na daktari wa meno, na zaidi ya vyote aliogopa mlango wa handaki la mvinyo, ule wa mbao nyeusi nyuma ya jiko ninalopikia. Watu wa Hegyalja, milima yetu hii ya mizabibu, hatuna subira na mtoto wa hivyo, maana nusu ya maisha yetu iko chini ya ardhi, kwenye mapipa. Siku moja baba yake, Vendel, alimbeba begani amshushe kwa nguvu, naye akamng'ata sikio. Kovu lipo.

Alipokua akakimbilia Budapest kusomea kompyuta, kazi ya kukaa juu ya ardhi penye madirisha. Akaolewa, akaachika. Yule bwana simsemi, nikianza simalizi. Akarudi nyumbani na mabegi mawili na paka, akaweka kompyuta yake kwenye meza yangu ya jikoni, kati ya unga na vitunguu, akaanza kazi. Tajiri mwenye mahandaki, Szilárd, kijana wa viatu vyeupe hata wakati wa matope, ndiye aliyempa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni anashuka handakini na simu. Akiielekeza ukutani, mahali penye ukungu mweusi na mapipa tu, ndani ya kioo anaona watu wa kale wanakanyaga zabibu, anasikia vicheko vyao. Akisogea, nao wanasogea. Wageni thelathini wakisimama pamoja, wote wanaona mtu yuleyule pahali palepale.

"Sasa wewe ndiye unayechora hao watu?" nilimuuliza.

"Hapana, mama mdogo. Kuna wachoraji. Mimi natengeneza mshenga."

"Mshenga gani?"

"Simu za wageni ziko kule, mashine kubwa iko huku. Hawa hawaonani uso kwa uso. Lazima awepo wa katikati, achukue picha, sauti na namba, apeleke huku na kule, kila mtu apate chake kwa wakati mmoja. Ndiyo programu yangu. Mgeni hajui kama ipo. Akiijua, ujue imeharibika."

"Na huyo mshenga wako ni mwongo kama hawa wetu?"

Akacheka. "Kidogo. Njia ikiwa mbaya."

Na njia ilikuwa mbaya, kwa sababu mtandao hauupendi mwamba. Walitundika visanduku ukutani kuusukuma, lakini kule mwisho ulifika umechoka. Picha zikawa zinarukaruka, wageni wanashikwa na kichefuchefu, mmoja akatapikia pipa. Basi Lenke akamfundisha mshenga wake adabu mpya: habari ikichelewa, rudia ya mwisho uliyoipata, sauti ikikatika, ziba pengo kwa sauti iliyotangulia. Picha zikatulia kama maji ya kisimani. Szilárd akafurahi mpaka akataka jingine. Akataka mshumaa.

Hapa lazima niseme habari ya mshumaa. Vuli, zabibu zikishakamuliwa, maji yake yanachacha kwenye mapipa na kutoa hewa nzito. Hewa hiyo haionekani, inalala sakafuni kama paka. Ukiivuta nyingi unaanguka bila kuomba maji. Kwa hiyo hashuki mtu bila mshumaa, ameushika chini, usawa wa goti. Mtoto wa kwetu anajua sheria hii kabla hajajua kusali: mshumaa ukizima, geuka. Usiulize kwa nini, usimalizie neno ulilokuwa unalisema. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alizika mume na mtoto siku moja, kwa sababu wa pili alimfuata wa kwanza.

Szilárd akapiga marufuku moto wa kweli. Wageni wana nywele ndefu, alisema, na watu wa bima wana roho fupi. Lenke akaweka kipima hewa sakafuni, kwenye chumba cha mwisho kabisa, na ndani ya simu akawasha mshumaa wa picha. Kipima kikisema hewa imeharibika, mwali unafifia. Ikizidi, unazima. Habari za kipima nazo alibebeshwa mshenga.

Vendel, ambaye ndiye anayetembeza wageni, alikejeli wiki nzima. Halafu akauzoea, maana mwali ule ulikuwa mzuri, unacheza kama wa kweli, na mtu wa kwetu akiona mwali unawaka moyo wake unatulia wenyewe.

Siku ninayoisema ilikuwa ya Oktoba, joto limekataa kuondoka, mapipa yanachemka kama sufuria. Asubuhi ikaja kwaya ya wastaafu kutoka Debrecen, watu wazima wenye skafu za rangi moja na midomo isiyopumzika. Walitaka kuimbia kule mwisho, maana sauti inarudi vizuri, na kila mmoja alitaka kuwarushia wajukuu picha moja kwa moja kwa simu yake.

Vendel akapita jikoni kunyakua pogácsa yangu moja ya moto, kimkate cha chumvi.

"Shemeji, hii ni mkate au jiwe la kusagia?"

"Rudisha basi, nimpe mwenye meno."

"Meno ninayo, ninayatunza kwa ajili ya mazishi yako."

"Utatangulia wewe, mlafi. Nitakuja na keki."

Akacheka, akainua simu yake yenye mwali, akawaita wazee wake, wakashuka. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, na mchana ule wote yalinikaa kooni kama mfupa.

Nikaendelea na supu ya nyama. Lenke yuko mezani na kompyuta, paka yuko mapajani. Kwenye kompyuta wanaimba, wimbo wa mavuno, sauti nene chini na nyembamba juu. Nikawa nakoroga kwa mapigo yao.

"Baba yako amewapata wazuri leo," nikasema.

Lenke alikuwa amesogeza uso karibu na kioo.

"Mama mdogo, njoo uone. Hii namba ya kipima hewa."

"Naiona. Ina nini?"

"Haitikisiki."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana. Hewa haitulii hivi. Mtu akipita tu, namba inacheza. Hii imesimama palepale tangu waliposhuka." Rangi ikaanza kumtoka usoni. "Hii si habari. Mshenga anarudia."

Vidole vyake vikakimbia. Akafungua mahali ambapo mshenga huweka mizigo inayongoja zamu, kisha akaweka kiganja mdomoni. Picha za wajukuu zilikuwa zimejaa njia yote, mlolongo wa simu thelathini, na nyuma yao, mkiani kabisa, habari za kipima zilikuwa zimepanga foleni kama maskini mlangoni kwa tajiri. Ya kwanza ilikuwa mbaya. Iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Kila moja ilipanda juu ya mwenzake.

"Nilizipakia kwenye gunia moja na picha," alisema. "Mama mdogo, kule chini mshumaa unawaka na hewa imekufa."

"Lakini wanaimba! Si unawasikia?"

"Wanaimba," akasema, akavuta pumzi. "Ndiyo. Wanaimba, basi wako wazima."

Sikungoja. Nilitupa mwiko, nikakimbilia ule mlango mweusi, nikaufungua, nikaita kwa sauti yangu ambayo mume wangu alikuwa akiisikia mashambani. "Vendel! Vendel, pandisha watu!" Nikanyamaza nisikie jibu. Kutoka kule chini ulikuja ubaridi na harufu ya mvinyo mchanga. Hakuna jibu. Hakuna wimbo. Na nyuma yangu, jikoni, kwaya ilikuwa inaimba ubeti uleule, sauti nene chini, nyembamba juu.

"Lenke," nikasema, na sauti yangu niliiona ngeni. "Huku hakuna anayeimba."

Alinitazama. Akaitazama kompyuta. Ubeti ukaisha, ukaanza tena mwanzoni, ni ule ule, na kikohozi kilekile cha bibi mmoja katikati yake. Mshenga alikuwa anaziba pengo, kama alivyofundishwa.

Akasimama, kiti kikaanguka, paka akaruka. Akaja mbio mlangoni, na mimi nikamkumba kiunoni. Mimi ni mzito, ashukuriwe Mungu na siagi. Tukaanguka wote kwenye kizingiti.

"Niache! Ni baba yangu!"

"Ukishuka nawazika wawili! Unamjua jirani, hujui? Fikiri! Ita zimamoto! Fanya kitu na mashine yako!"

Nikapiga simu zimamoto mimi, nikapayuka sijui nini. Yeye akatambaa mpaka mezani, hakusimama, akaivuta kompyuta sakafuni.

"Nawaandikia watoke," akasema. Kisha akasita. "Hapana. Wataanza kuvaa miwani wasome. Wataulizana. Mmoja atasema ni sehemu ya maonyesho." Macho yake yakawa makubwa. "Baba hawezi kusoma bila miwani yake na hii hapa kwenye kabati."

"Basi utafanya nini?"

"Nazima mshumaa."

Kwanza alizikata picha zote. Wajukuu wa Debrecen, wale watu wa kale na zabibu zao, vicheko na wimbo, vyote akavifagia njiani. Jikoni pakawa kimya ghafla, kimya cha kutisha kuliko ule wimbo. Njia ikabaki tupu, na katika njia hiyo akamtuma mshenga na neno moja tu, kwa simu zote: zima.

"Imefika?" nikauliza.

"Sijui."

"Si inakwambia?"

"Huwa inaniambia. Sasa hivi siiamini."

Tukangoja mlangoni, yeye amenishika mkono kwa kucha. Sijui tulikaa muda gani. Supu iliungua, nilisikia harufu na sikujali. Nilikuwa nafikiria keki ya mazishi niliyomuahidi Vendel, namwomba dada yangu aliye kaburini asisikie.

Halafu tukasikia viatu vinavyokokotwa. Akatokea mzee mmoja wa kwaya, uso wa rangi ya bluu, anamvuta mwenzake kwa skafu. Nyuma yao wengine, wanaegemeana, mmoja anatapika, mmoja analia bila sauti. Tukawavuta uani, tukawalaza kwenye majani. Yule aliyetangulia alikuwa anahema kama mbwa.

"Yule kiongozi wenu ni kichaa," akasema. "Tulikuwa tumekaa chini, vichwa vinauma, tumeshindwa hata kuimba. Mara simu zikawa giza. Yeye alikuwa anasema jambo, akaliacha katikati, akageuka, akaanza kutupiga teke! Teke, mama! Mimi mwalimu mstaafu! 'Nyanyukeni, tokeni,' haelezi kwa nini."

"Yuko wapi?" Lenke akauliza.

Mzee akageuka kutazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta mwavuli aliouacha. "Alikuwa wa mwisho. Alirudi kumnyanyua bibi Etelka."

Lenke alienda tu mlangoni, taratibu, na safari hii nilimshika nywele. Nilimshika hivyo mpaka zimamoto walipofika na mitungi yao ya hewa mgongoni, na hakuniambia niache. Alikuwa anatazama ile ngazi, ile ile aliyoiogopa tangu utotoni, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anawahesabu waliotoka, kisha anawahesabu tena, labda wangeongezeka.

Walimtoa bibi Etelka kwanza. Aliokolewa na kitu kidogo: Vendel alikuwa amemkalisha juu ya pipa, mbali na sakafu. Vendel mwenyewe alikuwa ameanguka chini ya pipa hilo. Walimtoa miguu mbele, viatu vimemtoka, wakamfunika pua na mdomo kwa kile chombo cha hewa, na mmoja wao akapiga magoti kumkandamiza kifua hapo hapo mbele ya mtoto wake. Nilisikia mbavu. Niliwahi kuchinja nguruwe wengi maishani mwangu, lakini sauti ile sitaki kuisikia tena.

Yu hai. Siku za kwanza pale hospitali ya Miskolc hakumjua mtu, kisha akanijua mimi, kwa matusi, kisha binti yake. Mkono wa kushoto bado mzito. Szilárd alileta maua na mtu wa bima.

Lenke alitengeneza upya mshenga wake. Alimpa kipima hewa njia yake peke yake, isiyopitwa na picha yoyote, na akamfundisha kwamba habari isipofika, mwali uzime papo hapo, hata kama hewa ni safi. Wageni wanalalamika kwamba mshumaa unazima hovyo. Vendel aliposikia alisema walalamike. Mishumaa ya kweli nayo imerudi, Szilárd ameifuta ile marufuku yake.

Lakini Lenke mwenyewe hakupona. Baba yake anapiga simu kutoka hospitali, namsikia mimi hapa jikoni, sauti yake kabisa, na majigambo yake kabisa: "Mwanangu, niko salama, nimekula, manesi wananipenda." Lenke anasikiliza mpaka mwisho, anasema haya baba, anakata. Kisha anavaa koti, anapanda treni kwenda Miskolc.

Juzi nilimsindikiza. Vendel alikuwa amekaa kitandani anamtania mgonjwa wa jirani. Lenke hakumsalimu. Alimshika kifundo cha mkono, ule mzito, akambonyeza pale penye mshipa, akasubiri.

"Si tumeongea asubuhi?" Vendel akasema.

"Tumeongea."

"Na nilikwambia nimekula?"

"Uliniambia."

"Basi unatafuta nini humo?"

"Nyamaza kwanza, baba," akasema Lenke. "Nasikiliza."