Ufa Chini ya Rangi ya Fedha

Mume wangu aliirudisha pikapu kutoka mjini Moshi ikiwa na vyuma vipya vya kufungia mikungu ya ndizi. Vilikuwa vimechomelewa kwenye bomba lililo nyuma ya kichwa cha gari. Miaka ile kila mwenye gari alikuwa mfanyabiashara, na ndizi zetu za Kibosho zilifika hadi Holili mpakani. Sikuwa na neno na ndizi. Neno langu lilikuwa bomba. Kila safari mama mkwe alikaa mbele kwa heshima yake, mimi na mwanangu tulisimama nyuma, na mtoto alishika bomba hilohilo.

Fundi aliyevichomelea alikuwa rafiki wa mume wangu. Alipokuja kwetu kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamuuliza kama moto haukuliunguza bomba, maana lilikuwa jembamba.

"Shemeji, chuma kikichomelewa kinazidi nguvu!"

"Sufuria yangu ya maziwa uliiziba wewe. Kiraka kipo, imetoboka pembeni."

"Sufuria na gari wapi na wapi?" Wakacheka, yeye na mume wangu. Sekondari nilisoma, lakini mbele ya wanaume wenye kata za mbege mkononi nilikuwa mpiga kelele tu.

Desemba ikaja. Ndugu wa Dar wanapokaribia kupanda mlimani kuja nyumbani kwa Krismasi, huku kwetu kila kitu hupakwa rangi, hata kilichooza. Bomba likapakwa rangi ya fedha, likang'aa.

Baada ya mvua mbili tatu nikaona mstari wa kutu umechomoza juu ya rangi, kandokando ya chuma kimoja. Asubuhi hiyo tulikuwa tunashuka sokoni. Nikamteremsha mtoto.

"Panda, unanichelewesha," mume wangu akasema.

"Sipandi. Na huyu hapandi."

"Kwa sababu ya kutu?"

"Rangi bado mpya. Kutu hiyo imepitia ufa."

Nikachukua mpini wa jembe, nikauingiza nyuma ya bomba, nikavuta kwa hasira zangu zote. Likakatika, paa! Mchomeleo wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kilichoachia ni bomba, pale ulipoishia moto. Nimewaza sana juu ya hilo. Palipoongezwa nguvu hapakuvunjika. Jirani yake ndiye aliyelipa.

Mume wangu akalishika lile bomba, akapitisha kidole pale lilipokatika. Mama mkwe akafungua mlango, akashuka taratibu na kanga zake.

"Mjukuu wangu akae mbele," akamwambia mwanawe. "Mimi nitasimama huko nyuma na ndizi zako, nikuone utakavyoendesha."

Hatukwenda sokoni. Bomba jipya lilipofungwa, vyuma vilikazwa bila moto, kwa vibano na bolti, juu ya vipande vya mpira wa tairi. Hata hivyo, mtoto alibaki mbele, kwenye mapaja ya bibi yake.