Kidole Gumba Pembeni mwa Picha

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba sheria ya Zambia inasema hivi: mpiga picha asiyeonekana ndani ya picha yake hana haki nayo. Si lazima uonekane mzima. Kipande kinatosha: sikio, kiwiko, kidole.

Habari hiyo nilipewa na mwenye studio mmoja wa sokoni Kashikishi, Mkongomani mwenzangu, mtu wa Pweto aliyevuka ziwa miaka mingi kabla yetu sisi tuliopitia kambi ya mpito ya Kenani na mabunda kichwani. Ndiye aliyeniuzia kamera yangu ya kwanza, kamera iliyochoka kuliko mimi. Akanivika mkanda wake shingoni kama askofu anavyomvika padri, kisha akainama sikioni, akaniita mdogo kwa Kifaransa chetu.

"Petit, sikia muzuri. Foto ni ya mutu anayeonekana ndani. Ukitaka ikuwe yako, tia kipande ya mwili yako. Bila ile, ku tribunal, mbele ya juji, utalia."

Sikucheka. Wewe ungecheka? Katika Kiswahili chetu cha Katanga, ukiuliza "hii foto ya nani?", hakuna atakayekutajia mpigaji. Utatajiwa aliyepigwa. "Foto yangu" ni ile ambayo sura yangu imo. "Mwenye foto" ni yule anayetabasamu ndani yake. Aliyesimama upande wa pili wa kamera, jua likimchoma kisogo, hana hata neno lake. Kwa hiyo sheria ile iliniingia kirahisi, kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Basi nikaanza kutia kidole. Gumba la kushoto, lenye ukucha mweusi uliobanwa zamani kati ya boti mbili. Harusi, kidole. Ubatizo, kidole. Kwaya ya kanisa letu kule makazi ya wakimbizi ya Mantapala, waimbaji wasiopungua elfu moja na kila mmoja amefumba macho, na juu ya kichwa cha mwalimu wao gumba langu limelala kama ndizi iliyoiva. Bibi harusi mmoja alinirudishia picha zake zote.

"Papa, huyu njo nani alikuja mu mariage yangu bila kuitwa?"

"Ni sheria, mama," nilimjibu. Na wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shule ya jioni, cheti kinaning'inia ukutani, naheshimika!

Wateja wakaanza kuhamia studio ya yule yule aliyenifundisha. Mpaka leo sijui kama alinidanganya makusudi au naye aliamini. Nilichokiona ni kwamba picha zake hazikuwa na kidole hata kimoja.

Sasa njoo kwenye picha yenyewe. Nilikuwa ufukweni Nchelenge, mahali wanawake wanapoanika chisense, dagaa wetu wadogo wa ziwani. Mawingu yakatoka upande wa Kilwa, ile ya Congo ng'ambo ya ziwa, bila hodi. Kuna dada mmoja muuza samaki, Mkongomani kama mimi, namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri na sauti. Alikimbia na turubai la plastiki kufunika samaki wake. Upepo ukaingia chini ya plastiki, ikafura, naye akaning'inia kwenye pembe yake, miguu karibu inaacha mchanga, anacheka kwa mdomo wote. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika pembe ya pili ili asipelekwe Congo bila pasi. Kwa mkono wa kulia nikabonyeza.

Usiku niliitazama ile picha tena na tena. Ilikuwa picha niliyoitafuta tangu siku ya kwanza. Mvua, kicheko, samaki, ziwa, vyote vimo. Kidole tu hakimo.

Nikaipeleka studio kwa patron, bosi yule aliyeniuzia kamera, kwa sababu mashine ya kuchapisha picha kubwa ilikuwa kwake peke yake kutoka pale hadi mwisho wa dunia. Akanichapishia moja, ya kumpa yaya. Nakala ikabaki ndani ya kompyuta yake. Sikuiwazia.

Mwezi haukupita. Napita Kashikishi, nainua macho, namwona yaya wangu juu ya paa la studio, mkubwa kama nyumba, anapaa na plastiki yake. Chini yake jina la studio, na maneno: KAZI YA MIKONO YETU.

Mikono yao!

Niliingia bila kubisha. "Patron, ile foto iko yangu."

"Yako?" Alitoka nje akaita watu. "Batu, mukuje! Anasema ile foto iko yake. Bon. Tuonyeshe, weye uko wapi mule? Weye njo ule mama?"

"Labda iko ile samaki!" akasema mnunuzi mmoja, na soko zima likaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka.

"Kidole yako iko wapi?" patron akaniuliza taratibu. "Miye sikukufundisha?"

Kidole hakikuwemo, ni kweli. Lakini nilisema sitoki. Akaona siendi, akashusha sauti. "Petit, weye uko mukimbizi. Sheria ya hapa ni ya benyewe inchi. Kuya utumike kazi kwangu. Bango inabakia, tunanyamaza."

"Hapana, patron. Nitanyamaza siku jina lako litatoka pale juu."

Kuanzia siku hiyo nikahamishia kazi yangu chini ya bango lake. Kila aliyepita nilimwonyesha kwa kidole: ile ni yangu. Walioniona kichaa nikawasalimia vizuri zaidi. Patron alinimwagia maji ya kufulia, nikasogea hatua moja na kuendelea. Asubuhi moja yaya mwenyewe akaja na beseni lake la chisense. Patron akamkimbilia.

"Mama, umwambie! Foto ni ya nani?"

Yaya akalitazama bango, akajitazama. "Foto ni yangu. Sura ni yangu, hata ile plastiki ni yangu." Patron akapiga makofi, yaya akamzuia kwa mkono. "Ngoja. Lakini ule siku weye patron ulikuwa hapa mu kivuli. Huyu njo alilowa. Sasa ile maandishi ya mikono yenu, ni mikono gani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Ila bango halikushuka.

Nikasikia kuna mwanasheria, mama mmoja anayefika boma, makao ya wilaya, mara kwa mara kusikiliza matatizo ya watu bure kwenye baraza la mahakama. Nilijiandaa kama mtu mwenye elimu. Nilichukua ile picha, nikakata gumba langu kutoka picha ya harusi moja, nikalibandika pembeni kwa gundi.

Mama aliigeuza picha huku na huku, kisha akaniuliza kwa Kibemba, kwa heshima zote, "Mukwai, hiki ni nini?"

"Ni kidole changu."

"Kimefuata nini hapa?"

"Ili picha iwe yangu."

Alivua miwani. Akalaza kichwa mezani, mabega yakatikisika. Alipoinuka aliomba kadi ya kamera, akafungua picha za siku ile. Ya kabla ya mvua: yaya, samaki, gumba lenye ukucha mweusi. Ya baada ya mvua: yaya ameloa, gumba lile lile. Katikati yake ile moja, ambayo mkono wangu ulikuwa kwenye plastiki. "Hizi mbili ni mashahidi wako," alisema. Akachukua mkoba wake tukaenda Kashikishi kwa miguu.

Alichomwambia patron ndani sikukisikia, mlango ulifungwa. Niliona tu patron akitoka na ngazi, misumari mdomoni, akishusha bango kwa mikono yake mwenyewe. Safari hii kweli ilikuwa kazi ya mikono yao. Yaya alilidai lile bango, maana lilichapwa kwenye turubai, na sasa anafunikia chisense, sura yake juu, jina la studio limekatwa kwa kisu.

Mimi nikamuuliza mama yule niende ofisi gani ya serikali kuandikisha picha ili haki yangu ianze, na kama mkimbizi anaruhusiwa.

"Unaishi hapa, sheria inakulinda hapa," alisema. "Ukitaka kuandikisha, andikisha, itakusaidia kama ushahidi. Lakini haki haianzii ofisini. Picha ni ya aliyeipiga, tangu alipobonyeza. Toa kidole, wateja wako watarudi."