Barabara ya Nyambura

Siku niliporipoti kazini katika idara ya barabara mjini Nyeri, Injinia wa Manispaa alinikabidhi mtaimbo, si brashi ya kuandikia vibao niliyoisomea. "Kibao kinaanzia chini ya ardhi," akasema. "Nguzo ikiyumba, jina linaanguka." Nilichimba mashimo na kukoroga zege muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuandika herufi moja. Nikahamishiwa Sagana, kisha Karatina, nikarudi Nyeri nikiwa fundi mkuu wa vibao.

Wakati huo njia ya udongo iliyopanda kwenda hospitalini ilikuwa imetiwa lami. Diwani wa wadi alitaka iitwe kwa jina la marehemu baba yake. Wananchi nao walitaka jina la Nyambura, mkunga aliyezalisha akina mama nyumbani kwake, katikati ya mlima huo, miaka ambayo matope hayakuruhusu gari kufika hospitalini.

Karani wa Mji akaitisha mkutano. Diwani alisimama akataja kanuni: barabara hupewa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Nyambura mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele.

"Ati shida ni kwamba niko hai?" akauliza.

"Kanuni ndiyo inasema hivyo, Cucu," Karani akajibu, akimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Basi mpeni huyu jina la babake. Mimi sina haraka."

Watu walicheka, lakini wakakataa. Mama mmoja akamgeukia Diwani: "Wewe ulizaliwa kwa huyu. Babako alingoja nje, akinyeshewa."

Diwani akaketi. Karani akaamua barabara ikae bila jina. Nguzo nilizokuwa nimezisimika zikabaki tupu, na kila aliponikuta hapo Nyambura aliuliza, "Bado?"

"Bado, Cucu."

"Hata mimi bado."

Alifariki majira ya mvua ndefu. Hoja ya kuipa barabara jina lake ililetwa na Diwani yuleyule, na hakuna aliyepinga. Herufi niliziandika mwenyewe. Nilipofika kwenye M mstari ulipinda. Nikafuta, nikaanza upya.

Sasa nimestaafu. Vibao huchapwa kwa mashine, na ni vyema, maana hudumu zaidi. Majuzi kijana wa bodaboda aliniuliza Nyambura alikuwa mwanasiasa wa chama gani. Nikamwambia hakuwa mwanasiasa.

"Sasa alifanya nini mpaka apewe barabara?"

"Watu walibisha hodi," nikamwambia, "akafungua."