Kamati ya Theluji

Koti la thelujini likikaa muda mrefu ndani ya sanduku la plastiki huwa na harufu yake: nailoni, sabuni ya nyumba ya watu wengine, na ukiingiza pua kwenye kola, jasho lililokauka zamani. Niliikuta harufu hiyo mwezi uliopita huko DeSoto, katika duka la mitumba ninakonunua nguo za kazini. Nje watu walivaa fulana. Ndani kulikuwa na reli nzima ya makoti ambayo Texas huyahitaji siku tatu kwa mwaka, na moja lilikuwa bado na tiketi ya kupandia mlimani, imefungwa kwa waya kwenye zipu. Nililinusa, nikalirudisha, nikatoka bila kununua nilichokwenda kununua.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka tulipojiandaa kwenda kwenye theluji, na kaka yangu Wafula kumi na miwili. Tuliishi Arlington, ghorofa ya pili, juu ya mzee mmoja aliyegonga dari kwa ufagio kila tuliporuka. Baba alitoka Bungoma na Mama Kilifi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Baba alikizungumza kama anayepasua kuni, Mama kama anayemimina maji. Sisi watoto tulijibu kwa Kiingereza, na dawa ya Mama ilikuwa moja tu, kujifanya hasikii. Ukitaka maziwa uyaombe kwa Kiswahili, la sivyo ule nafaka yako kavu.

Wafula alikuwa na selimundu. Leo nalitaja jina hilo bila kusita, lakini utotoni sikulijua. Nyumbani iliitwa "ile hali yake." Nilijua tu kwamba mara mbili au tatu kwa mwaka damu yake iligoma kupita, mifupa ikamuuma mpaka akang'ata shuka, na akalazwa. Kanisani waliambiwa ana baridi yabisi. Nilimsikia mama mdogo Dama, mdogo wake Mama anayeishi Stafford karibu na Houston, akimwonya: "Dada, mficha maradhi kilio humfichua."

"Nikisema," Mama akamjibu, "swali la kwanza litakuwa kayatoa kwa nani. Kwa kina baba yake watasema Pwani, kwetu watasema Bungoma. Umeona ndoa ngapi zimekufa kwa swali hilo?"

Basi tukajifunza mapema, bila kufundishwa, kwamba maumivu ya nyumba yetu hayatoki mlangoni.

Kila Machi shule zilifungwa wiki moja, na baadhi ya watoto wa darasa la Wafula walikwenda Colorado kuteleza kwenye theluji. Walirudi nyuso zimeungua nyekundu, isipokuwa pale miwani ilipokaa, na tiketi walizipeperusha kwenye zipu za makoti hadi joto la Aprili liwavue. Wafula aliwachunguza kama fundi anayechunguza injini. Yeye hakuruhusiwa kukimbia mbio za shule, wala kuingia kwenye bwawa la kuogelea mpaka maji yawe kama chai. Jioni moja akaiwasilisha hoja yake kwa Baba.

"Kuteleza si kukimbia, Baba. Mlima ndio unaokimbia. Wewe umesimama tu."

Baba alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama Wafula, huyu tumzuie mapema, atakuwa wakili."

Wakenya wakifika watatu wana kamati, na sisi tulikuwa wanne. Baba akawa mwenyekiti. Wafula akawa mkurugenzi wa ufundi, Mama mshauri wa afya, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikawa katibu. Tulikutana Jumapili baada ya kanisa na chakula. Mkutano ulifunguliwa kwa sala, kisha nikasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, ingawa wote tulikuwepo.

"Nani anathibitisha?" Baba akauliza, akitazama huku na huku kana kwamba ukumbi umejaa.

"Nathibitisha," akasema Mama, kichwa chini, akichagua mchele.

"Kuna yatokanayo?"

Hapo Wafula alisimama. Alikuwa amejifunza kwenye video jinsi ya kufunga breki, akatuonyesha kwenye zulia akiwa na soksi: unakutanisha ncha za mbao za kutelezea mbele na kutanua nyuma, miguu ikae kama kipande cha pizza. Baba akajaribu, akaangukia kochi. Ufagio ukagonga kutoka chini.

"Baba Wafula," akasema Mama, "utavunja kiuno kabla hujafika Amarillo."

Nilipanga ratiba. Tungeondoka Jumamosi saa kumi alfajiri, tuwe mji wa Amarillo saa nne asubuhi, tule, kisha tuendelee kaskazini hadi nyumba ndogo ya mbao ambayo Baba alikuwa ameiagiza kwa simu. Makoti tuliyapata kwenye mitumba. La Wafula lilikuwa la rangi ya machungwa, mikono imemzidi. Alilivaa sebuleni akazidisha baridi ya kipoza hewa hadi Mama akatishia kumpeleka akaishi ndani ya friji.

Katikati ya Februari tulikwenda Houston. Kabla ya Arlington tuliishi Stafford, na Mama, ambaye ni muuguzi na hamwamini daktari ovyo, alikataa kumwacha daktari wa huko. Mara mbili kwa mwaka tuliendesha gari kwa saa nne kwenda kumwona. Siku ile, baada ya vipimo, Mama alituambia tumngoje kwenye korido, penye samaki wa mapambo. Wafula alihesabu samaki, akapoteza hesabu, akaanza tena. Mama alipotoka alikuwa akisugua mikono kwa ile dawa ya kuua vijidudu, na aliendelea kusugua muda mrefu baada ya mikono kukauka.

"Daktari anasemaje?" Wafula akauliza.

"Anasema umenenepa. Twendeni, mama mdogo ameweka samaki wa nazi."

Katika mkutano uliofuata Mama aliuliza swali lake la kwanza tangu kamati iundwe. "Lazima mlima uwe mrefu hivyo?"

Baba aliitazama meza. "Tutaliangalia, mshauri," akasema, na hakucheka. Niliandika kwamba mshauri wa afya aliuliza urefu wa mlima, na mwenyekiti akaahirisha jambo hilo. Halafu tukahamia kwenye soksi.

Sasa nifike kwenye zile siku nne, na nizieleze kwa mpangilio.

Muuguzi wa hospitali hufanya kazi siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Ili apate wiki nzima ya likizo, Mama alibadilishana zamu na wenzake, na wiki ya mwisho kabla ya safari akajikuta na siku nne mfululizo. Alitoka kabla hatujaamka, akarudi saa mbili usiku. Baba alikuwa kazini kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege kuanzia alasiri, tukimwona asubuhi tu, nusu amelala. Kwa hiyo tangu basi la shule lituteremshe hadi Mama arudi, tulikuwa wawili.

Jumatatu Wafula alipanda ngazi akiweka miguu yote miwili kwenye kila kipandio, kama mtoto mdogo. Ndani akajitupa kitandani na viatu.

"Nampigia Mama," nikasema.

"Usimpigie." Alisema kwa Kiswahili, lugha tuliyoitumia tulipotaka kitu. "Ukimpigia hatuendi."

"Inauma sana?"

"Magoti tu, na mgongo kidogo. Itaisha. Si huwa inaisha?"

Alimeza vidonge vyake. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa za soda, nikazifunga taulo, nikazipanga magotini. Nilikuwa nimemwona Mama akifanya hivyo, na nakiri kwamba nilijiona mkubwa. Pia nilitaka kwenda. Sitaki kuwadanganya: nilimhurumia kaka yangu, lakini nilitaka kwenda.

Jumanne alionekana nafuu. Jumatano akaanza kukohoa, akikumbatia mto kila kikohozi kilipokuja. Mama alipofungua mlango wetu jioni hiyo, Wafula alikuwa amejifunika, amebana midomo, anapumua kwa kupima.

"Mbona amelala mapema?"

"Amechoka," nikasema. "Walikuwa na mtihani."

"Maskini mwanangu." Bado alikuwa na viatu vya kazi. Alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akazima taa.

Alhamisi alasiri nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anahema kama mtu aliyekimbia. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. "Mpigie," akasema. Simu ya Mama ilikuwa imefungiwa kabatini kazini. Nilipiga mara tatu, kisha nikapiga wodini na kumwambia aliyepokea, kwa Kiingereza changu kizuri cha darasa la tatu, kwamba naomba kuzungumza na mama yangu. Gari la wagonjwa aliloliita Mama na gari lake mwenyewe yalifika pamoja. Hakungoja machela. Alimbeba mtoto wa miaka kumi na miwili, akashuka naye ngazi zote.

Damu ilikuwa imeziba mapafuni. Ijumaa hakuzungumza, alikuwa na mpira wa kupumulia kooni. Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo kwa ratiba yangu tulikuwa Amarillo tunakula, Wafula alifariki.

Jioni hiyo sebule yetu ilijaa Wakenya wa Arlington na sufuria zao. Ikaundwa kamati ya mazishi, yenye mwenyekiti, katibu na sala ya kufungua. Baba aliketi kwenye lile kochi aliloliangukia, hana cheo. Mama mmoja wa kanisa akauliza kwa upole, baridi yabisi inauaje mtoto? Mama akasimama mbele ya wote, akalitaja jina la ugonjwa, akasema, "Kaupata kwangu na kwa baba yake, sote wawili." Hakuna aliyeuliza zaidi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.

Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza sekondari yote, chuo chote, na miaka ya kazi. Wazazi wangu walihamia Stafford kuwa karibu na mama mdogo. Mwaka jana nilikwenda kuwatembelea, nikamkuta Mama jikoni anamenya mbaazi. Nilimwambia, kwa kuzungumza tu, kwamba wenzangu ofisini wamenialika Colorado kuteleza na sijui kama nitakubali.

Alimenya ganda lingine. "Hatukuwa tunakwenda, unajua."

"Wapi?"

"Mlimani. Daktari alikataa. Hewa ya juu kule ni nyembamba, ingemuua. Nilipiga simu tukafuta ile nyumba ya mbao, Jumatatu tuliyorudi kutoka Houston."

"Na mikutano?"

"Baba yako alisema, mwache kijana afurahi, tutamwambia Ijumaa. Tungekuja huku kwa mama mdogo. Kuna duka kubwa lenye uwanja wa barafu ndani, nilikuwa nimeulizia viatu vya kutelezea vya saizi yake." Akaokota mbaazi iliyodondoka. "Huwa nafikiri, kama angejua hatuendi, angeniambia anaumwa."

Kama ningenyamaza tena, angeendelea kubeba fikra hiyo peke yake hadi mwisho.

"Mama, mimi nilijua. Tangu Jumatatu. Aliniomba nisiseme."

Hakulia wala hakunikumbatia. Alisogeza bakuli, akafuta mikono kwenye leso aliyojifunga, akanigeukia.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Aliposhuka kwenye basi. Saa kumi."

"Kulianza wapi?"

"Magotini. Kisha mgongo."

"Kikohozi?"

"Jumatano. Kikavu. Alikuwa anakumbatia mto."

"Joto?"

"Sikumgusa paji la uso, Mama. Sikujua."

"Ungejuaje." Alitikisa kichwa taratibu. "Alikuwa anakula?"

"Jumanne alikula ndizi mbili na mkate."

"Alikuwa anasema nini?"

Nilianza kueleza alivyoyataja maumivu, upande gani, wakati gani. Akanikatiza. "Si hayo. Mlikuwa mnazungumza nini, nyinyi wawili, jioni nzima?"

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwa miaka yote lilikuwa mbele yangu. Nilidhani nimemficha Mama ugonjwa, na kwamba siku nikisema nitahukumiwa kwa huo. Ugonjwa aliujua kuliko mtu yeyote. Nilichomficha ni siku nne za mwisho za mwanawe akiwa nyumbani. Yeye alikuwa kazini anazilipia, mimi nikazikalia, naye hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwuliza.

Basi nikamsimulia. Kwamba Wafula alipanga kwenye kile kiti cha kupandia mlimani Mama akae katikati, kwa sababu anaogopa hata ngazi za umeme. Kwamba alimwiga Baba akifungua mkutano hadi kicheko kikamuumiza mgongo. Kwamba Jumanne alinifundisha pizza nikiwa nimefunga mbao za kukatia mboga miguuni, mzee wa chini akagonga, na Wafula akamjibu kwa kugonga pia, kwa adabu, mara mbili. Mama alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Arlington.

Nilipofika Alhamisi aliinua mkono ninyamaze. Akavuta kiti chake karibu na changu, akaniomba nianze tena Jumanne.